Dawa Haimezwi Tumbo Tupu

Usiku ule Mama Ufito hakulala, wala hakujidanganya kwamba atalala. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, simu mezani mbele yake, akiikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Jioni karani wa maabara alikuwa amemwambia, "Mama, mashine ilikuwa mbovu tangu asubuhi, kazi imerundikana. Majibu utayapata kwenye simu, hata ikiwa usiku wa manane." Basi akakaa. Kila simu ilipowaka aliinyakua, na kila alipoinyakua ilikuwa kampuni ya simu inamtangazia vifurushi.

Majibu yalikuwa ya bintiye, ambaye usiku huo alikuwa zamu kwenye kituo cha zimamoto. Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na sita. Utotoni alikuwa mrefu, mwembamba, magoti mbele, hata watoto wenzake wakamwita Ufito, na jina likamganda. Kisha, mwaka mmoja na nusu uliopita, Ufito akaanza kunenepa bila kuongeza hata tonge. Kilo kumi na nne zilimpanda kama deni la riba. Akawa anasikia baridi watu wengine wakijipepea. Sauti ikakwaruza. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Siku moja mama yake alimkuta bafuni amelala fofofo, mgongo ukutani, bomba linatiririka, maji yanampita miguuni na yeye hana habari.

Hospitali walisema ni tezi ya shingoni, ile iliyokaa chini ya koromeo. Imekuwa mvivu, walisema, na tezi hiyo ikizembea mwili mzima unazembea nayo. Wakampa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila siku, na si kwa mwezi wala mwaka, bali kwa maisha yake yote.

Hiyo ilikuwa miezi minne nyuma. Ufito alikuwa na kilo themanini na tisa siku alipomeza kidonge cha kwanza, na juzi, alipokwenda kutolewa damu, mizani ilisoma themanini na tisa.

Kama uzito ungekuwa uzito tu, labda wangeuzoea. Lakini zimamoto wana jaribio lao la ngazi: unabeba mpira wa maji begani, unapanda ghorofa nne, na saa inakuhesabia. Ufito alilifanya mara mbili, mara zote mbili akaishia ghorofa ya tatu, anahema, magoti yamekataa. Wakamtoa kwenye gari, wakamweka kwenye simu. Sasa kazi yake ilikuwa kuuliza watu nyumba inayoungua iko mtaa gani, kisha kusikiliza wenzake wakikimbilia gari. "Ufito umekuwa nguzo," walimtania. Alicheka nao. Akirudi nyumbani alivua viatu, akapitiliza chumbani. Jaribio la tatu lilikuwa limebakiza wiki tano, na la nne halikuwepo. Ukishindwa hilo, wewe ni mtu wa simu mpaka ustaafu.

Na si kwamba alikaa tu. Alikimbia. Alikula nusu sahani. Juzi, walipotoka kutoa damu, alimwambia mama yake kwa sauti ya chini kabisa, "Namba ya damu isiposhuka safari hii, vidonge naviacha. Nimechoka kutwanga maji kwenye kinu."

Neno hilo ndilo lililomkalisha mama jikoni. Kilo hazikumtisha. Kilichomtisha ni bafuni kule, na maji yanayotiririka, na siku ambayo yeye mama hatakuwa nyumbani kufunga bomba.

Lakini palikuwa na jambo jingine, na hilo hakupenda kulitazama usoni. Mama Ufito alikuwa amemshuku mtoto wake. Mbegu ilipandwa na mdogo wake, kwa simu. "Dada, hewa hainenepeshi mtu," alisema mama mdogo huyo, anatafuna kitu. "Huyo mtoto anakula mahali." Tangu siku hiyo Mama Ufito, ambaye kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni na aliyejua kuhesabu foronya mia mbili bila kukosea, akaanza kuhesabu vipande vya mkate. Akachora mstari wa kalamu nje ya kopo la sukari. Mwishowe akatia kufuli kwenye kabati la jikoni, akasema panya wamezidi.

Ufito aliitazama kufuli ile. "Panya mwenyewe ana kilo themanini na tisa," alisema, akaenda zake kazini.

Ujumbe uliingia saa tisa usiku. Mama alitoa kwenye bahasha karatasi ya majibu ya kwanza, ya miezi minne nyuma, akaiweka kando ya simu, akavaa miwani. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini namba hii ya tezi alikuwa ameshafundishwa: tezi ikizembea inapanda, na inatakiwa iteremke, ifike nne au chini. Kwenye karatasi ilikuwa thelathini na nane. Kwenye simu ilikuwa arobaini na moja.

Aliisoma mara ya pili. Akaizima simu, akaiwasha, akaisoma mara ya tatu.

Ufito alirudi saa moja asubuhi. Mezani palikuwa tayari kama siku zote, atoke zamu au aende zamu: kikombe cha chai ya maziwa, nzito, na kisahani chenye vidonge viwili. Kimoja kilikuwa kile cheupe cha tezi. Cha pili kilikuwa chekundu, cha kuongeza damu. Hospitali hawakukiandika, mama alikinunua mwenyewe kwa sababu mtoto alikuwa amepauka.

"Ngapi?" aliuliza Ufito, hata hajakaa.

"Kaa kwanza, mama. Unywe chai."

"Ngapi?"

"Arobaini na moja."

Ufito alishika mgongo wa kiti. "Ilikuwa thelathini na nane."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo imepanda. Nimemeza miezi minne, halafu ipande."

Hapo ndipo Mama Ufito alipopaswa kunyamaza. Alijua hivyo. Lakini mtu ambaye hajalala, ulimi wake nao haulali. "Mwanangu, niambie ukweli. Huko kazini hamna kitu unachokula? Sitakugombeza."

Binti alikisukuma kisahani polepole, mpaka kikagonga kopo la sukari. "Jana nimekimbia kilomita nne," alisema. "Nimekula ndizi moja na yai. Ukitaka nikutapikie uhesabu, niambie." Akaingia chumbani kwake, na ufunguo ukazunguka.

Mama aligonga. Akaita. Akasema miadi ya kliniki ni saa tatu, watachelewa.

"Nenda wewe," sauti ilisema ndani. "Wewe ndiye unayezipenda hizo dawa."

Akaenda yeye. Kliniki palikuwa na benchi refu na watu wanaotazama viatu vyao. Zamu yake ilipofika, muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua faili, akatazama namba ya zamani, akatazama mpya, akavuta mdomo.

"Anameza kweli, mama? Usimfichie. Vijana wanachoka na dawa."

"Sista, mimi mwenyewe ndiye ninayempa," alisema Mama Ufito, na katika uchovu wake wote alisikia fahari kidogo. "Hajaruka hata siku moja. Akirudi usiku, namngoja. Akitoka alfajiri, namwamsha."

"Anameza na nini?"

"Na chai ya maziwa. Na kidonge cha kuongeza damu, palepale. Namwekea maziwa mengi, maana dawa haimezwi tumbo tupu, itamchoma."

Muuguzi aliiweka kalamu chini. Alieleza bila haraka, kama mtu aliyeeleza jambo hilohilo mara nyingi. Kidonge hiki si kama vingine. Maziwa yanakizuia. Dawa ya kuongeza damu inakizuia zaidi, inakikamata tumboni, kinapita na kutoka, damu haikioni. Kinamezwa asubuhi kabla ya kitu chochote, kwa maji matupu, kisha unangoja nusu saa, ikiwezekana saa nzima, ndipo ule. Dawa ya damu, kama kweli anaihitaji, na hilo watalipima, ikae mbali nacho kwa muda wa saa nne.

"Kwa hiyo miezi minne hii..."

"Alikuwa anameza, lakini dawa ilikuwa haimfikii vizuri."

"Na zile kilo?"

"Mama, nisikudanganye. Tezi haibebi kilo zote. Akimeza vizuri, chache zitashuka zenyewe, nyingine ni maji tu mwilini. Zilizobaki atazitolea jasho kama mimi na wewe. Ila safari hii atakuwa na mwili unaomsaidia."

"Itachukua muda gani?"

"Tutapima tena baada ya wiki sita. Pengine nane ndipo namba ikae sawa."

Mama Ufito alihesabu. Hakuhitaji vidole. Jaribio la ngazi lilikuwa wiki ya tano.

"Hawakuwaeleza haya kwenye dirisha la dawa?" muuguzi aliuliza.

"Hawakutueleza."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi. Muuguzi alivua miwani. "Ni yule binti wa dirishani. Mara ngapi nimemwambia awaeleze watu polepole." Akasukuma kiti, akasimama, akashika faili.

Mama Ufito alimwona yule binti wa dirishani kama yuko mbele yake. Siku ile ya vidonge vya kwanza Ufito alikuwa amesinzia kwenye benchi, kichwa ukutani, na ni mama aliyekwenda kuchukua vidonge. Binti alisema mara mbili, na mara ya pili akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya pakiti: tumbo tupu, maji. Na Mama Ufito akaitikia ndiyo, ndiyo, huku moyoni akisema, mtoto mdogo kama huyu amelea nani? Mimi nimelea. Alipofika nyumbani alivimimina vidonge kwenye kikopo, pakiti akaitupa.

"Kaa, sista," alisema. "Alinieleza. Mimi ndiye sikusikia. Nilisikia, nikajifanya najua."

Muuguzi alikaa. Hakumkemea, na hilo lilikuwa baya kuliko kukemewa. Aliandika kitu kwenye faili, akamwambia amlete binti mwenyewe siku yoyote.

Njia nzima Mama Ufito alitunga maneno. Angesema daktari amebadilisha utaratibu. Si uongo kabisa. Siku hizi hospitali hubadilisha mambo kila kukicha, nani angeuliza? Aliyapanga vizuri, akayakunja kama shuka, pembe kwa pembe, na mpaka anafungua mlango wa nje yalikuwa yamenyooka.

Chumba cha Ufito kilikuwa bado kimefungwa. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Uko macho?"

Kitanda kililia kidogo.

"Kidonge hakitakiwi kumezwa na maziwa," alisema. "Wala na kile chekundu. Ni maji tu, kabla ya kula. Chai yangu ndiyo iliyokuwa inakizuia." Alingoja. Maneno yake yaliyokunjwa yalikuwa palepale, yangeweza kuingia hapa bila mtu kujua. "Na mimi niliambiwa siku ya kwanza. Binti wa dirishani aliniambia mara mbili. Wewe ulikuwa umesinzia. Nikaona najua zaidi."

Kitanda kililia tena.

"Ngazi hutaiwahi," alisema mama. "Namba inataka wiki sita, hata nane. Nimekukosesha hiyo."

Alisikia miguu ikishuka sakafuni, ikija, ikasimama upande wa pili. Kati yao palikuwa na ubao tu.

"Miezi minne," alisema Ufito.

"Miezi minne."

"Na ukaniwekea kufuli."

"Ndiyo."

"Ukanihesabia mkate, mama. Mimi nalala njaa, wewe unahesabu mkate."

Mama Ufito aliusogelea mlango. Kitasa kilikuwa karibu na mkono wake. Hakukigusa.

"Unangoja muda gani?" sauti iliuliza hatimaye.

"Kungoja nini?"

"Ukishameza. Kabla ya kula."

"Nusu saa. Saa nzima ni bora zaidi."

"Kikopo niachie hapo chini."

Alikitoa kwenye mkoba, akainama, akakiweka sakafuni mbele ya mlango.

"Kesho usiniamshe," alisema Ufito. "Na usiniwekee kitu mezani. Nitameza mwenyewe."

"Sawa."

Alisimama hapo muda mrefu, mikono haina cha kushika. Mlango haukufunguliwa. Mwishowe alielewa kwamba hautafunguliwa yeye akiwa amesimama, akageuka, akaenda jikoni kumwaga chai ya asubuhi.