Sahani ya Papa Cyprien

Emérence Bulonza alikuwa mwoga, wala hakuficha. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata kupanda boti ya kwenda Goma. Pale sokoni Kadutu alipouzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanawake wenzake walimtania: "Maman Emérence, wewe hata kivuli yako itakukimbiza!" Naye alicheka pamoja nao, maana ilikuwa kweli tupu. Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu wangu, ndiye aliyepatwa na mambo haya.

Tangu watu wenye silaha waingie Bukavu, shirika, yaani wakristu wa avenue yao, waliendelea kusali kila Jumatano nyumbani kwa Papa Cyprien, katekista. Siku moja askari hao wakamwamuru atangaze, baada ya Injili, kwamba vijana waende kujiandikisha kwao. Akakataa. "Mahali pa Neno ya Mungu sitaita mutoto wa mutu kwa bunduki," akasema, taratibu kama alivyozoea kufundisha watoto. Jumatano iliyofuata wakamjia.

Wengine waliona gari la askari kwa mbali, wakageuza. Emérence alikuwa ameshafika, kitabu cha nyimbo amekificha ndani ya kikwembe alichojifunga kiunoni. Alimkuta Cyprien amepigishwa magoti uani, mikono imefungwa nyuma. Askari mmoja akamgeukia.

"Na wewe? Uko wa sala yake?"

"Hapana, chef. Simujue huyu muzee. Nilikuya kuomba makala ya moto, niwashe jiko."

Cyprien aliinua macho, akamtazama, kisha akayainamisha. Emérence akarudi nyumbani, na maneno yake mwenyewe yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hapa kwetu aliyekufunga hakulishi. Wanakulisha watu wako. Cyprien alifiwa na mke zamani, na mwanawe pekee yuko kwenye machimbo ya dhahabu huko Shabunda, simu haishiki. Wa kumlisha walikuwa wanashirika. Lakini mlangoni pa kasho, pale walipomfungia, pana daftari: mleta sahani anaandikwa jina, avenue, na yeye ni nani kwa mfungwa. Nani angethubutu? Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kila nyumba ilijisemea labda nyumba nyingine imepeleka.

Siku ya tatu asubuhi Emérence alisonga bugali, akakaanga sambaza, akafunga sahani kwa kitambaa. Kabla ya kutoka akaenda chooni mara mbili. Jirani yake Mélanie akamfuata hadi mlangoni.

"Maman, sema uko shemeji yake. Ni kaneno kadogo tu. Mungu atakuelewa."

"Nilishasema kamoja," Emérence akajibu. "Kananitosha."

Njia nzima miguu ilitaka kurudi. Alimwomba Mungu, na aibu ikimshika, akute pale pamefungwa. Palikuwa wazi. Na mwenye daftari alikuwa askari yule yule wa uani.

"Ah! Maman wa makala! Leo umetuletea moto?" Wenzake wakacheka. "Haya. Uko nani yake?"

Neno "shemeji" lilikuwa tayari mdomoni, jepesi kabisa. Akamfikiria binti yake Aurore, atabaki na nani.

"Ile siku nilikudanganya, chef," akasema. "Mi niko wa shirika yake. Tunasalaka pamoja miaka kumi na tano."

Kicheko kikakatika. Askari akaandika polepole, akapiga mstari chini ya jina. Akampa mwenzake sahani aipeleke ndani, kisha akaonyesha benchi la ukutani.

"Wewe ikala pale. Mukubwa akuje akuulize."

Akaketi. Msidhani alihisi ujasiri, hata chembe. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

Mara nyuma ya ukuta ikasikika sauti, kavu, dhaifu, lakini ile ile ya sala ya Jumatano.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu. Ee Bwana, bariki hiki chakula, na ule mwenye alikileta."

Ikanyamaza, ikasubiri, kama ilivyosubiri siku zote shirika iitikie. Askari akaacha kuandika, akamkazia Emérence macho.

"Amina," Emérence akaitikia, kwa nguvu, ili asikike ng'ambo ya ukuta.