Faneli ya Mganga Paxku

Mama mkwe wangu, Paxku, ni mganga, na huku kwetu milimani Chamula mganga hakatai kikombe anachopewa na mgonjwa. Zamani kilikuwa cha gongo. Likatumalizia wanaume, tukaligeuzia kisogo. Sasa mishumaa ikishawashwa mbele ya watakatifu inamiminwa soda, ili mgonjwa acheue ubaya uliomwingia. Maini yetu yamepumua, miguu ndiyo inayokatwa.

Muuguzi wa zahanati hakumficha. "Mama, una kisukari. Ukiendelea na soda, huu mguu wenye kidonda tunaukata."

"Nikikataa kikombe cha mgonjwa, si nimemkataa yeye?"

"Basi chagua."

Hakuchagua, mjanja yule. Alifanya kama wazee waliochoshwa na gongo: alificha chupa na faneli chini ya shuka lake la sufu. Mgawaji wa soda akimpa kikombe, anakipokea, anawasalimu wote, anakigusisha mdomoni, kisha soda inapitia kwenye faneli na kutokomea chupani, chini ya shuka. Hakuna aliyemlaumu, maana amepokea.

Tabu ikawa ile chupa. Kilichoombewa hakimwagwi. Baba mkwe, Manvel, aliyeacha gongo na kutuchosha kwa majivuno tangu hapo, akajitolea kuinywa yeye.

"Lete, mama watoto, nikupunguzie mzigo."

"Wewe na mizigo! Kuni zangu umewahi kuzibeba?"

"Kila mtu na kipaji chake, bibi."

Ikawa jirani akipiga chafya tu, mzee anauliza, "Hawajakuita bado?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Juzi tulimsindikiza mama kupimwa. Sukari imeshuka, mguu unapona. Muuguzi kwa furaha akamgeukia mzee: "Na wewe lete kidole, babu." Akapima, akarudia, tabasamu likamfifia. Akamwambia avue kiatu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cheusi, na mzee hakuwa na habari nacho.

Tulipofika nyumbani mama alichukua chupa ya jana, akaimwaga uani mbele ya mumewe.

"Paxku! Hiyo ni dhambi!"

"Niandikiwe mimi," akasema. "Nimeokoa mguu wangu kwa kukuharibia wako."

Mzee alikaa kizingitini, kiatu mkononi, akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo, kama kidonda kile huwa kinapona.