Paipu Nilizoziuza

Kijana huyo alikuwa mteja wangu kabla baba yake hajanifahamu. Kwao walikuwa Wahindu wa Kisutu, ghorofa ya pili, na duka lao la vitambaa lilikuwa Kariakoo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, magari ya mtumba yanashuka bandarini kila kukicha, na yeye alikuwa amejipatia moja jeupe lenye tabo. Mimi nilikuwa fundi wa magari mtaa wa Gerezani, nimetoka Lindi na spana nne kwenye mfuko wa rambo.

Tabo inasukuma upepo kuingia kwenye injini, na upepo ukisukumwa kwa nguvu unapata moto. Ndiyo maana kuna intakula, kitu kama rejeta, upepo upite humo upoe kwanza. Ya kwake ilikuwa ndogo, imelala juu ya injini penye joto lote. Yeye alitaka kubwa, ikae mbele nyuma ya bampa, na paipu nene badala ya zile nyembamba zilizoungwa kwa mipira iliyochoka. Alihangaika miezi mingi kuitafuta, huku akishinda gereji kwangu. Siku aliyoipata aliibeba kifuani mpaka mezani kwangu.

"Wiki ijayo, fundi," alisema. "Nikitulia tu."

Wiki iliyofuata alilazwa. Homa ya siku nne tu, akafariki. Habari nilizipata kwa jirani yao wa dukani, tayari walishamchoma kwa desturi yao.

Miezi miwili baadaye akaja mzee mmoja na shati jeupe lililopigwa pasi. Gari lilikuwa nyuma yake, likiendeshwa na dereva wa kukodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa mwanangu?"

Nikaitikia. Akaitazama intakula, bado iko mezani na vumbi lake.

"Alikuwa anaizungumzia kila tukikaa kula. Mimi sielewi kitu. Ifunge kama alivyotaka yeye."

Niliifanya kazi ile kwa adabu ambayo gari jingine halijawahi kuipata kwangu. Nilikata plastiki za nyuma ya bampa kidogokidogo, nikachomelea paipu za alumini, nikaziosha ndani zisibaki hata na chembe ya chuma. Wakati wa kufungua za zamani nilikuta mpira mmoja umechanika upande. Nilikuwa naujua ufa ule. Ukiachia pedali ya mafuta, upepo ulitokea hapo na kupiga mluzi. Nilishawahi kumwambia tubadilishe, akacheka, akasema uache.

Mnunua vyuma chakavu alipita na mkokoteni, nikamuuzia intakula ndogo na paipu zake. Mipira niliitupa kwenye moto wa takataka. Sikufikiria mara mbili.

Siku ya kulirudisha gari, mzee alikaa pembeni yangu. Lilivuta vizuri mno, kimya, halina pumzi inayopotea popote. Tulifika Kisutu saa kumi jioni. Mkewe alikuwa rosheni anaanua nguo, hata hakugeuka. Mzee akamwita kutoka chini.

"Gari la nani hilo?" aliuliza mama.

"La kwetu."

"La kwetu linapiga mluzi."

Kwenye ngazi mzee akanieleza. Kila jioni mkewe alikuwa anausikia mluzi ule kwenye kona, ndipo anaweka chapati ya kwanza jikoni, mtoto aikute ya moto. Tangu msiba gari lilikuwa limesimama, naye alikuwa anasubiri litembee tu, ausikie tena.

"Rudisha paipu zile za zamani, fundi."

"Nitaziangalia," nikasema, nikalirudisha gari gereji. Nilijua nadanganya.

Nilimtafuta mwenye mkokoteni, akanipeleka kwa wafua sufuria. Walikuwa wameshayeyusha kila kitu. Mmoja akanicheka: "Labda sasa hivi mtu anapikia wali humo, Mbagala huko."

Basi nikafanya kitu ambacho mpaka leo najuta. Nilinunua mpira wa mtumba, nikauchana kwa wembe, nikaufunga. Mluzi ukatoka, lakini mnene. Nikauchana mwingine, na mwingine. Siku ya tatu niliupata mluzi wenyewe. Nilisimama katikati ya gereji, nikahisi nikigeuka nitamwona amekaa kwenye kiti changu.

Nikaondoka na gari mpaka Kisutu, peke yangu, bila kumwambia mzee. Kwenye kona nikaachia mafuta.

Mama alitoka mbio rosheni, mikono imejaa unga. Alikuwa anatabasamu. Nikafungua mlango, nikashuka mimi.

Sijui nisemeje kuhusu uso ule. Hakulia. Alishika chuma cha rosheni, akanitazama muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akaingia ndani. Mzee alishuka na ndala.

"Fundi," alisema taratibu, "usifanye tena."

Mpira ule niliutoa palepale barabarani. Baada ya muda gari liliuzwa kwa mtu wa Morogoro.

Niliamini yameisha. Adhuhuri moja mama akaja Gerezani kwa miguu, amejifunga sari ya pamba, anakwepa madimbwi ya oili. Nikaanza kuomba radhi, akanizuia kwa mkono.

"Nilikuwa namfungia chakula aje nacho hapa," alisema. "Mkebe ulikuwa unarudi mtupu. Alikuwa anakula?"

Kwao hawali nyama. Mwanawe alikuwa anatuachia sisi mkebe, yeye anakwenda kununua mishikaki ng'ambo ya barabara. Nilimtazama mama yule, nikaona nimeshamdanganya vya kutosha.

"Tulikuwa tunakula sisi, mama. Yeye alikula mishikaki."

Nyundo za jirani ziligonga weee.

"Achari yangu mlikuwa mnaipenda?"

"Sana, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Jumatatu yake mfanyakazi wao akaniletea mkebe. Ndani kulikuwa na chapati mbili, dengu, achari: chakula cha mtu mmoja. Ulikuja kila siku ya kazi kwa karibu mwaka mzima, hadi walipohamia nchi za watu. Nilikuwa nakaa nao nyuma ya gereji, nageukia ukutani, nakula mpaka nausafisha. Wenzangu wakiomba niliwanyima. Walidhani ni uchoyo, nami sikuwahi kuwaambia kile chakula kilikuwa cha nani.