Waya Uliosokotwa kwa Mkono wa Kushoto

Siku tuliyomzika baba yangu, mzee mmoja wa kanisa aliinama akachota udongo ili autie kaburini kama wengine. Nilimshika mkono mbele ya umati, nikamfumbua vidole kimoja kimoja, udongo ukamwagika miguuni pake. "Wewe huwezi kumzika," nilimwambia. "Ulishamzika akiwa hai." Alijipangusa kiganja kwenye suruali akaondoka polepole katikati ya viti. Nilijiona shujaa, na kwa miaka kumi na tisa sikujuta.

Mzee huyo ndiye aliyesimama kanisani Kikima, kwetu Mbooni, mimi nikiwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, akatangaza kwamba injini ya kisiagi cha kanisa imeibwa na kwamba mwizi ni fundi mwenye ufunguo. Ufunguo ulikuwa na baba. Baba alisema, "Mungu anajua," akachukua kofia yake akatoka, na hakurudi tena kanisani hadi alipokufa. Ushahidi haukupatikana. Kisiagi kilikaa bila injini muda mrefu, akina mama wakawa wanateremka mlima na mahindi mgongoni kwenda kusagisha kwingine, na wakikutana nasi njiani mazungumzo yanakatika. Mimi niliapa kwamba baba amesingiziwa. Yule mzee kila aliponiona barabarani alinisalimu, "Wakya," kama Wakamba wazee wanavyomsalimu mdogo wao. Mdogo hutakiwa kuitika "Aa." Mimi nilipita kama kiziwi.

Mwaka jana, baada ya kustaafu ualimu, nilisikia kwamba Mutomo, upande wa Kitui, kuna lori kuukuu la jeshi linauzwa. Baba alijifunzia ufundi kwenye karakana ya jeshi, na malori hayo aliyazungumzia jinsi wanaume wengine wanavyozungumzia fahali. Niliwaambia watoto wangu kwamba lori litabeba mchanga na maembe. Ukweli ni kwamba nililitaka tu. Wao walisema pensheni imenipanda kichwani, nami nikawajibu kwamba kichwa ni changu na pensheni ni yangu.

Mwenye lori, mkongwe aliyelinunua kwenye mnada wa jeshi enzi za ujana wake, alitupeleka nyuma ya boma la mbuzi. Turubai lilikuwa limekwisha, vyuma vyake vikabaki vimesimama kama mbavu, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Nililipenda papo hapo. Lakini baba alinifundisha kwamba asiyejua hununua bodi na anayejua hununua injini, kwa hiyo niliificha furaha yangu, nikakunja ule uso niliokuwa nikiwakunjia watoto wa darasa la saba.

Nilikuwa nimekuja na fundi kutoka Wote, mwanamume wa makamo ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko spana zake.

"Injini ni ile ile ya jeshi, mwalimu," mkongwe aliniambia. "Hakuna mtu ameigusa."

Fundi alifungua boneti, akachungulia, akacheka. "Mzee, wacha mchezo. Hii lori ilitoka kiwandani ikikunywa petroli. Plagi ziko wapi? Hii ni dizeli. Hii injini haijawahi kuona jeshi hata siku moja."

Mkongwe alijikuna kidevu. "Sasa si dizeli ndiyo nzuri?"

Ilibidi tujue ni injini gani, maana huwezi kununulia vipuri kitu usichokijua. Tulihesabu silinda, zikawa sita. Bamba la kiwanda halikuwapo. Ubavuni, pale namba inapogongwa, chuma kilikuwa kimepigwa tupa mpaka kikawa laini kama ukucha.

"Hapa kuna mtu alikuwa anaficha kitu," fundi alisema, na mimi nikacheka pamoja naye.

Alinipa kisu nikwangue upande wa pili, huenda kukawa na namba nyingine. Ilitoka grisi, kisha ikatoka rangi ya kijani iliyopakwa kwa brashi ili kudanganya watu kama mimi. Chini ya kijani palikuwa na buluu.

Sikuhitaji namba tena. Buluu ile ni rangi iliyobaki yalipopakwa madirisha ya kanisa letu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeipaka injini ya kisiagi, iliyokuwa ya lori kabla ya kununuliwa na kanisa, wakati wa likizo, baba akinifokea nisijaze rangi kwenye nati. Nilikwangua zaidi. Nati zilikuwa na rangi hadi ndani ya nyuzi. Moyo ulinipiga kwa furaha, nalisema hili bila aibu. Niliona kwamba baada ya miaka yote hiyo nimeishika injini kwa mikono yangu, na sasa huyu mkongwe atanitajia aliyemuuzia. Nitalibeba jina hilo hadi Kikima na kulitupa mlangoni pa mzee wa kanisa. Nilikwisha kuyapanga hata maneno nitakayomwambia.

Nikiwa bado nimeinama, niliona waya.

Baba hakuamini nati peke yake. Kila boliti kubwa aliyoifunga aliitoboa kichwa akapitisha waya, kisha akausokota ili isilegee. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na waya wake ulizunguka kinyume na wa watu wote. Mafundi wa Kikima walimtania kwamba gari lake likiharibika lazima litafutiwe fundi shoto mwenzake. Kwenye vyuma vilivyoishika injini ile, boliti zote nne zilifungwa waya, na waya ulizunguka kushoto. Vyuma hivyo vilikatwa na kuchomelewa ili injini isiyo ya lori hili ikae ndani ya lori hili. Kwa hiyo waya haukufungwa kwenye kisiagi. Ulifungwa hapa. Nilitafuta njia nyingine ya kuelewa jambo hilo, nikiwa nimepiga magoti kwenye kinyesi cha mbuzi, na sikuipata.

"Mzee," niliuliza, "nani alikuwekea hii injini?"

"Ai, hiyo ni zamani. Ni fundi mmoja wa huko Mbooni, shoto. Alileta injini yake, akaiweka siku tatu. Mtu mzuri sana. Nilimpatia ng'ombe mbili, moja nyeusi na moja ya madoa."

Nilikuwa namkumbuka yule wa madoa. Alikuwa na tabia ya kupiga ndoo teke. Baba alituambia amelipwa kwa kazi ya Kitui, nasi tukamsifu. Maziwa yake niliyanywa mimi. Mweusi aliuzwa mwezi niliopata barua ya kwenda chuo cha ualimu, na ndiye aliyenilipia karo. Kikulacho ki nguoni mwako: nimeifundisha methali hiyo zaidi ya miaka thelathini, nikiwatolea watoto mifano ya majirani.

"Mwalimu, tuliache," fundi aliniambia kando. "Injini haina namba, itakusumbua."

Nililinunua. Ningeliacha, ningerudi nyumbani nikawa kama jana, na najijua, baada ya mwezi ningejishawishi kwamba sikuona kitu.

Injini ilitaka betri nyingine na subira, kisha ikanguruma. Fundi aliendesha, mimi nikakaa kando yake nikimchukia baba kwa sauti ya chini kutoka Mutomo hadi Kibwezi, na kutoka Kibwezi hadi Kalamba nikimlilia. Kalamba tulisimama tupoze rejeta. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta ndengu aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Kikima sikushukia kwangu. Nilimwelekeza fundi hadi kwa yule mzee wa kanisa. Alikuwa uani akimenya viazi, amezeeka kuliko nilivyojiruhusu kuona. Aliponiona alisema kwa mazoea tu, bila kutarajia kitu, "Wakya."

"Aa," niliitika.

Kisu kilimwanguka. Nilimshika mkono nikamwongoza hadi kwenye lori, nikamwonyesha pale nilipokwangua. Alipitisha kidole juu ya buluu.

"Hiyo ni ya madirisha," alisema.

"Ndiyo. Baba aliichukua. Nilisomea ualimu na hiyo injini." Nilimgeukia. "Nisamehe, mzee. Mimi ndiye nilikukosea, mbele ya watu."

Nilidhani atanibariki, au atalia, kama watu wanavyofanya kwenye ushuhuda. Alikasirika. "Miaka yote hii unanipita kama nguzo ya stima!" alisema. "Bibi yangu alikuwa anabeba mahindi mpaka mgongo ukapinda. Na wewe unanipita!" Nilisimama nikasikiliza yote, maana yalikuwa yangu. Alipochoka alilitazama tena lori. "Sasa hii nitaifanyia nini? Kisiagi siku hizi ni cha stima."

"Sema unachotaka."

Alifikiri. Alijipangusa kiganja kwenye suruali, vilevile kama siku ile.

"Baba yako alikuwa rafiki yangu kabla ya hayo yote," alisema. "Sikumzika."

Tulikwenda naye, taratibu, hadi shambani kwetu. Kaburi la baba halijasakafiwa. Kila mwaka nilisema nitanunua saruji. Mzee alijaribu kuinama, magoti yakamkatalia. Basi niliinama mimi. Nilichota udongo nikauweka kwenye kiganja chake, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukitetemeka, nilimkunja vidole kimoja kimoja ili usimwagike kabla ya wakati.