Mkuu wa Kaya

Kwenye karakana ya sare za shule walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa. Mguu wake haukujua kutulia. Hata umeme ukikatika na vyerehani vyote vikanyamaza, wake uliendelea kugonga sakafu.

Wiki hiyo mguu ulikuwa na sababu. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempokea, masomo ya kutwa, miaka mitatu. Lakini kusoma kutwa ni kuacha cherehani, na kuacha cherehani ni kuacha mshahara. Tegemeo lake lilikuwa ruzuku ya wazazi wanaolea peke yao: ingelipa ada na kituo cha kumwachia mwanawe mdogo mchana, na kumpa posho ya kila mwezi. Bila ruzuku, barua ya chuo ilikuwa karatasi tu.

Ijumaa mchana karani wa ruzuku aliigeuza fomu yake imtazame mwenyewe.

"Mama, hii ni ya mzazi anayelea peke yake."

"Ndiyo mimi huyo."

"Mbona mkuu wa kaya ni mwanamume?"

"Huyo ni kaka yangu. Ni mkubwa wangu."

Kaka alikuja kukaa wiki mbili alipopunguzwa kazi ya ulinzi. Sasa ulikuwa mwezi wake wa nane, na kochi la sebuleni lilikuwa limeshajua umbo lake. Siku ya kujaza fomu alikuwa ameketi mbele yake akinywa chai. Angejiandikaje yeye mkuu, na mkubwa wake anamtazama? Adabu ndiyo iliyoshika kalamu.

"Kwetu hapa mkuu wa kaya ni anayeilisha," karani alisema. "Anawalisha?"

"Anatusindikiza kula."

Karani alicheka hadi miwani ikateleza. Kisha akakunja uso. "Mlete aandike kwa mkono wake kwamba hawalishi. Leo, kabla ya saa tisa. Baada ya hapo mtambo unajifunga, haunijui mimi wala wewe."

Alifika nyumbani akihema. Lakini tangu aandikwe, kaka alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba yeye ni mkuu wa kaya, na ofisi inamtambua. Kiherehere alishika ufagio. Akafagia sebule, akafagia ukumbi, akarudi sebuleni.

"Mama, hapo umeshafagia mara tatu," alisema bintiye wa miaka saba.

"Keti, mdogo wangu," kaka alisema. "Unanizungusha kichwa. Kuna nini?"

Alimweleza akiwa amesimama, macho kwenye saa ya ukutani. Saa nane kasoro robo.

Kaka aliweka kikombe chini. "Yaani niandike kwamba mimi si kitu."

"Uandike kwamba hunilishi."

"Na tofauti iko wapi?"

Mguu ulikuwa ukigonga, ukigonga. "Kaka, nilikuandika kwa heshima. Sasa heshima hiyo hiyo inanifungia mlango. Mimi nataka kusoma."

Kaka alikichukua tena kikombe, akanywa hadi tone la mwisho, kwa muda ambao mdogo wake hakuwa nao. Kisha akainuka kutafuta shati lenye vifungo vyote. Alipolikosa, alivaa lililopungukiwa kimoja, wakaondoka na mtoto mgongoni, binti akikimbia nyuma yao.

Kwenye dirisha la karani, kaka aliandika polepole, herufi moja moja. Karani alisoma kwa sauti: "'Mimi siilishi kaya hii. Yeye ndiye anayenilisha mimi.' Hilo la pili sikukuomba, mzee."

"Nimekuongezea. Si ndiyo kweli?"

Karani alitoa fomu mpya. "Mama, jaza hapa. Zimebaki dakika kumi na mbili."

Kalamu ilifika kwenye kisanduku cha mkuu wa kaya, ikaganda. Kaka alikuwa begani pake, anapumua, mkubwa kama siku zote. Hata mguu ulikuwa umetulia.

Kaka aliona. Akamshika binti mkono, akageukia ukuta wa matangazo na kuanza kumsomea kwa sauti ratiba ya mwaka jana, neno kwa neno, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kubadili nguo.

Kiherehere aliandika jina lake.

Karani aliliingiza mtamboni, akangoja, akagonga muhuri. "Umestahili. Ada tunapeleka chuoni wenyewe. Masomo yanaanza Jumatatu ijayo."

"Kaka, geuka," alisema, na mguu tayari ulikuwa umeanza tena. "Twende. Sijamuaga hata msimamizi wa karakana."