Msichana wa Kaseti ya Tatu

Nilipopunguzwa kazi serikalini, miaka ile mashirika ya umma yakiuzwa na sisi makarani tukirudishwa nyumbani, nilipata kibarua cha kupiga chapa katika ofisi moja ya kanisa pale Majengo. Siku moja mchungaji aliniletea kaseti zilizorekodiwa kwenye kambi ya wakimbizi huko Kigoma. Ni za watoto waliotoroka vitani, akasema. Nisikilize, niandike kila neno.

Nilidhani ni watoto waliokimbia askari. Kumbe wao ndio waliokuwa askari.

Kaseti ya tatu ilikuwa ya msichana. Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa kilinilazimu kurudisha nyuma mara kwa mara. Walimchukua njiani akitoka shambani, akiwa na miaka kumi.

"Balinipa bunduki, mama," alimwambia mwanamke aliyekuwa akimhoji. "Ilinishinda urefu."

Akacheka kidogo. Nami nikajikuta nimetabasamu, kisha nikaona aibu. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemgombeza kwa kupoteza kalamu ya risasi.

Yule mwanamke akamuuliza, "Wewe mwenyewe, uliwahi kumpiga mtu risasi?"

Nilisikia kuku, nikasikia kiti kikisogezwa. Halafu sauti ndogo: "Mama, naomba maji."

Nikaandika hivyo hivyo. Mchungaji, mtu mpole aliyezoea kupitia kila ukurasa, akayakata maneno hayo kwa kalamu nyekundu.

"Hapa andika tu kwamba hakujibu, mama."

"Amejibu, Mchungaji."

"Ameomba maji."

"Ndilo jibu lake. Hebu sikiliza mwenyewe."

Nikampa visikilizio. Alianza kusikiliza amesimama, mwishowe akaketi kwenye kiti changu. Kaseti ilipokwisha akachukua ule ukurasa, akaandika pembeni: "Yabaki." Nikauchapa upya, na maji yakabaki.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu habari zile, nikiruka mabaya. Aliacha kula.

"Mama yake alimtafuta?"

Nikamwambia sijui. Kweli sikujua, na swali lile lilinikaa moyoni kuliko yote niliyoyachapa.

Miezi kadhaa baadaye mchungaji alirudi kutoka kambini. Nilimuuliza habari za msichana kabla hajaweka begi chini. Mama hakupatikana, alisema, lakini amepatikana shangazi, naye ndiye anayemlea. Ameanza darasa la pili, mkubwa kuliko wenzake wote, na hakubali kukaa mlango ukiwa nyuma yake. Mara mbili ametoroka darasani. Mara mbili shangazi amemfuata mpaka mwisho wa kambi, akamshika mkono, wakarudi pamoja taratibu, na shangazi akakaa nje ya darasa mpaka kengele ya kwenda nyumbani.