Nilimnyima chumba kwa sababu ya neno "kurara"

Admin, posti hii lakini jina langu lifiche kabisa, maana huku kwetu watu wanasoma ukurasa huu kuliko wanavyosoma matangazo ya kijiji. Mimi ni mama wa miaka 38, Msukuma niliyeolewa Ngara. Mume wangu ni mwalimu kule Nemba, Biharamulo, anarudi nyumbani Jumamosi. Nabaki na watoto, mama mkwe, na vyumba vinne vya kupangisha karibu na kituo cha afya. Vyumba hivyo ndivyo vimeniharibia nyumba.

Kabla hamjanitukana, sikilizeni. Tangu wakimbizi wa Burundi waanze kuingia tena, mwenye nyumba huku hana raha. Mwaka jana nilimpangisha kijana mpole, mwenye shikamoo zake. Kumbe ametoka kambini bila kibali. Nikaitwa ofisi ya uhamiaji, nikakalishwa kwenye benchi tangu asubuhi, naulizwa kama nafuga wakimbizi. Mimi! Nikaambiwa nikirudia nitajieleza mbele. Nilitoka pale nimeapa sidanganywi tena.

Nikaweka masharti. Kwanza, barua ya mwenyekiti wa kitongoji unakotoka. Pili, jaribio langu mwenyewe, maana Warundi wengi hutamka l kama r. Namuuliza mtu, "Chumba hiki utalala na nani?" Akinijibu "nitarara na mdogo wangu", basi, namwambia chumba kimeshachukuliwa. Niliona nina akili sana.

Mwezi uliopita akaja binti mwenye mimba kubwa, katoka vijiji vya Mugoma. Nesi alikuwa amemwambia atafute chumba karibu na kituo asubiri siku zake, kwa kuwa kwao ni mbali na njia ni ya mlima. Nikamuuliza swali langu. Akasema, "Nitarara peke yangu, mama, mume wangu anachunga shamba." Nikashtuka. Nikadai barua, akatoa. Ina muhuri, ina sahihi, ila imeandikwa "mkazi wa hapa tangu kuzariwa".

Jamani, nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Mwenyekiti gani hajui kuandika kuzaliwa? Hii umejiandikia huko kambini!" Akaanza kulia, "Mama, mimi ni Muhangaza, wa hapa hapa Ngara, waurize hata kanisani kwetu." Hilo "waurize" ndilo likanimaliza. Nikapaza sauti mpaka majirani wakatoka. Wenye vyumba wengine waliposikia neno mkimbizi, wote wakafunga milango. Binti akazunguka senta nzima, mwisho akapanda bodaboda kurudi kwao.

Hakufika. Uchungu ulimshika kwenye kilima, akashushwa kando ya barabara. Mama mkwe wangu alikuwa anatoka shamba na wenzake. Wakamzungushia vitenge, akajifungua hapo hapo, juu ya nyasi. Mungu ni mwema, mama na mtoto ni wazima. Ila alipoulizwa kwa nini hakukaa karibu na kituo, akaeleza yote, hadi rangi ya mlango wangu.

Mama mkwe alirudi jioni na damu kwenye khanga. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, mimi nasema kurara tangu umenikuta. Mwenyekiti anasema kurara, na padri wetu wa zamani alikuwa anasema kurara. Miaka yote hii ulikuwa unanichukuria mkimbizi?"

Nikaanza kujitetea kwa habari ya ofisi. Akanikatisha, "Na wewe ulipoletwa hapa ulitusalimia 'habali zenu'. Nani alikufukuza?"

Kesho yake alifunga nguo zake akaenda kumlea yule mzazi. Wiki ya tatu sasa. Nimetuma sukari na sabuni, vimerudi. Nimetuma ujumbe kwamba chumba kipo bure hata mwaka mzima, binti kajibu hakitaki. Na mimi nina hasira, msinielewe vibaya! Ningempokea akawa mkimbizi kweli, nani kati yenu angekaa kwenye lile benchi badala yangu? Huku ukipokea una kosa, ukikataa una kosa.

Jumamosi iliyopita mume wangu alimpigia mama yake, simu ikiwa kwenye spika ili niombe radhi. Nikaomba, nikalia kabisa. Mama, ambaye siku zote huniongelesha Kiswahili, akajibu kwa Kihangaza. Aliongea muda mrefu, taratibu, bila kutukana kwa jinsi nilivyosikia. Sikuambulia kitu zaidi ya jina langu. Simu ilipokatika nikamuuliza mume wangu, "Amesemaje?"

Akaniangalia. Akasema, "Umekaa kwetu miaka kumi na mmoja," akatoka kwenda kuwafunga mbuzi.

Mpaka leo hajaniambia. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mtu nitamwomba vipi msamaha wakati hata jibu lake silielewi? Niambieni nianzie wapi.